Ukuta Uliofuata Barabara

Kilosa, 14 Juni 1992

Kwako Nyanda, mpagazi wangu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana ninyi Wasukuma mkishafika mjini adabu mnaiacha stendi, na mtani wako Msagara hapendi kupoteza haki yake. Bi Chausiku hajambo. Anasema ile baraza uliyotujengea haijapata ufa hata mmoja. Nimemkataza asikusifu sana, utaomba ulipwe ng'ombe.

Sasa kazi. Kamati ya msikiti hapo Mikumi imekukubali kwa sababu nimekudhamini mimi. Mwenyekiti wao, Bwana Mwinshehe mwenye nyumba ya wageni, ameniachia niseme jengo liweje. Unajua siku hizi milango imefunguliwa, kila mwenye uwezo anaanzisha zahanati yake, nasi tunataka msikiti na zahanati katika kiwanja kimoja. Wazo hili sikuliokota njiani. Nilipokuwa kijana nikisoma Kairo niliugua macho, nikapelekwa hospitali ya macho katikati ya mji wa kale. Imesimama mahali palipokuwa na hospitali ya Sultani Kalauni, ya miaka mia saba iliyopita. Ya kale imebaki vipande, lakini chuo cha Sultani na kaburi lake vipo. Unaingia kwa mlango mmoja mrefu kutoka barabarani, unafuata ujia wenye giza, chuo kushoto, kaburi kulia, na huko mwisho ndiko walikolazwa wagonjwa. Tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, wote walitibiwa bila kulipa. Wazee wa mtaa ule walinisimulia kwamba mgonjwa asiyepata usingizi aliletewa mtu wa kumpigia hadithi.

Nililala pale na kitambaa machoni nikisikia adhana, nikasema nikirudi kwetu nitajenga kitu cha namna hii. Nimechelewa miaka thelathini, lakini bado sijafa. Nataka nisali ndani ya msikiti huo na niutazame mihrabu, kile kidaka anaposimama imamu, kwa macho yangu. Sina haja nyingine duniani, ukiacha chai ya Bi Chausiku.

Basi mbele, kando ya barabara, pawe msikiti. Nyuma yake zahanati. Katikati ujia. Na hapa nisikilize vizuri: ukuta wa mbele wa msikiti uanze na unene wa tofali moja upande wa sokoni, uendelee kunenepa kidogo kidogo mpaka upande wa pili ufikie upana wa kitanda cha kamba. Nje unyooke na barabara, ndani ufuate mshazari niliouchora kwenye karatasi hii. Kairo mtaa ule wote umejengwa hivyo. Usiniulize sababu, mpagazi haulizi kilichomo mzigoni.

Ni mimi mwenye mali, na mali yenyewe ni wewe,
Maalimu Sehaba


Mikumi, 9 Julai 1992

Mtani wangu Maalimu,

Shikamoo. Shikamoo Mama Chausiku. Barua yako ameileta Lupakisyo, utingo wa lori la mbao, ikiwa imekunjwa na kunukia vitunguu. Nimekaa nayo juu ya rundo la mchanga nikaisoma mpaka chai ikapoa.

Msingi umeshachimbwa na watu wa hapa wamejitolea sana. Akina mama wamebeba tofali za kuchoma kichwani kutoka tanurini, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu zahanati kila mtu anaitaka. Bwana Mwinshehe yuko Dar es Salaam anatafuta mabati. Kabla ya kuondoka aliniuliza mara tatu kama hatuwezi kuweka fremu za maduka upande wa barabara, maana malori ya Zambia yanapita hapo usiku na mchana na kila dereva ana njaa.

Kuhusu ukuta wa kunenepa, nimekuelewa sana, mtani. Sijasahau safari ya baraza, uliponiambia kwamba Wasagara hutia chumvi kwenye msingi ili nyumba isishikwe na usingizi, nikanunua chumvi ya mfuko mzima, na mtaa mzima wa Magomeni huko Kilosa wakaja kunitazama nikiimwaga. Mwaka ule mlicheka mpaka Idi. Kwa hiyo safari hii nimefuata kila neno lako. Hivi ninavyoandika ukuta umeshavimba kama ng'ombe aliyekula mihogo mibichi, na wenzangu wananiuliza utazaa lini.

Tuache mchezo kidogo. Celestina ana mimba. Unajua yaliyotupata mwaka juzi, lori liliponasa kwenye tope njia ya Kilosa, mtoto akazaliwa humo garini na hakulia. Posho ya kazi hii ni ndogo na wenzangu wamenishangaa kuikubali. Nimeikubali kwa sababu nataka mke wangu atembee kwa miguu yake mpaka mlango wa zahanati, na arudi amebeba mtoto. Anatazamia mwezi wa pili. Kwa hiyo mimi na jengo hili tuna miadi.

Mtani wako asiyekuogopa,
Nyanda


Kilosa, 3 Agosti 1992

Kwa mpagazi Nyanda,

Marahaba. Utaona mwandiko si ule. Mkono wangu umekuwa mvivu, nasema mimi na Bi Chausiku anaandika. Alijifunza kwenye elimu ya watu wazima na mpaka leo anajivunia ile zawadi ya kanga aliyopewa, kwa hiyo makosa ukiyaona yanyamazie.

Habari ya ukuta imenifurahisha mno. Nilidhani utanibishia. Nimewaambia watu wa hapa kwamba nina Msukuma anayejua kusikiliza, wakasema huyo hajazaliwa. Mihrabu uufanye mdogo, wenye duara la kutosha mtu mmoja. Niandikie kila unapofika. Mimi mwenyewe ningekuja lakini goti linanisumbua, na basi la njia hiyo linarusha watu.

Celestina mpe pole na hongera. Mtoto akiwa wa kike ni wangu, akiwa wa kiume ni wangu vilevile, ndivyo ilivyokuwa tangu babu zenu walipopita hapa na mizigo vichwani.

Wasalaam,
Maalimu Sehaba

Hapa chini ni mimi, Chausiku. Maalimu ameshamaliza, anadhani naandika anwani. Mwanangu, goti lake ni zima. Ni macho. Daktari amesema ni presha ya macho, na anavyoona sasa ni kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi, na mwanzi wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Barua ya kwanza aliiandika siku mbili. Hataki kamati ijue, wasije wakampa kazi mtu mwingine, na hataki wewe ujue kwa sababu eti utamwonea huruma na utani utakufa. Kila asubuhi ananiuliza mihrabu umefika wapi. Ananiuliza kama mtu anayefukuzana na kitu. Tafadhali jenga upesi, na usimwambie kwamba nimekuambia.


Mikumi, 6 Septemba 1992

Mzee wangu Maalimu,

Shikamoo. Mama, shikamoo, na nakuomba umsomee pole pole, ila mstari huu uuruke.

Utani nimeuweka chini. Ukuta sikuunenepesha. Niliposoma maneno yako nilidhani ni chumvi nyingine, nikasema safari hii hanipati, nikajenga ukuta wa kawaida, umenyooka na barabara nje na ndani, na jengo lote nimelipima kwa ukuta huo. Maneno ya barua yangu ya kwanza yalikuwa ya kukujibu mchezo kwa mchezo. Nilikuwa najisifu kwamba nimekushinda.

Kuta zimeshafika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Jana amekuja imamu na dira yake kuonyesha mahali pa mihrabu. Akaizungusha, akatoka nje, akarudi, akaizungusha tena. Akaniambia kwamba watu wakisali humu wakifuata ukuta wataelekea Iringa. Nilimwonyesha karatasi yako. Akautazama ule mshazari, akaniuliza kwa upole kwa nini sikuufuata. Nikaikunja karatasi nikairudisha mfukoni.

Kwa nini hakuna aliyeona mapema, nimeuliza pia. Kila aliyepita alidhani Maalimu ndiye aliyeagiza iwe hivyo. Jina lako ndilo lililowaziba macho.

Bwana Mwinshehe anarudi wiki ijayo. Mzee wangu, niambie la kufanya. Nimekosa na nimekukosesha wewe uliyenidhamini. Naapa kwa kaburi la baba yangu kwamba maneno haya ni ya kweli.

Nyanda


Kilosa, 15 Septemba 1992

Mpagazi Nyanda,

Marahaba. Hii sasa ni kali. Kuelekea Iringa! Nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza kuna nini. Wasukuma mmeanza kuwa na akili, ni maji ya Kilosa hayo. Kuapa kwa kaburi umenikamata kidogo, nikasema hapana, mtani kamili haogopi hata kaburi, si ninyi mnaolala kwenye makaburi yetu mkitaka mpewe kitu ndipo mtoke?

Lakini usiniandikie hivyo tena mpaka jengo liishe, moyo wangu ni wa kizee. Niambie mihrabu umefika wapi.

Maalimu Sehaba

Ni mimi Chausiku. Ameicheka barua yako na kuisimulia kwa kila mgeni. Mimi nimeirudia peke yangu jikoni. Mwanangu, tangu tukujue hujawahi kuandika barua isiyo na ng'ombe ndani yake. Hii haina hata mmoja. Nimejaribu kumwambia, amesema sielewi utani wa wanaume. Kama ni kweli, tutumie neno la mtu mwingine.


KAMATI YA UJENZI WA MSIKITI NA ZAHANATI
Mikumi, 28 Septemba 1992

Maalimu Sehaba,
Kilosa.

Yah: KUBOMOLEWA KWA JENGO

Assalaam alaykum. Somo la hapo juu lahusika.

Napenda kukutaarifu kwamba kamati ilikagua jengo ikathibitisha kuwa limejengwa kinyume na kibla, na kinyume na maelekezo yako ya maandishi. Fundi amekiri kosa. Kwa masikitiko makubwa kamati imeazimia kwamba kuta zibomolewe hadi kwenye msingi baada ya sala ya Ijumaa, tarehe 16 Oktoba, na fundi aachishwe kazi.

Kwa kuwa wewe ndiye mdhamini wake, tumeona ni heshima upate taarifa kabla. Kama una neno, litufikie kabla ya siku hiyo.

Wako katika ujenzi,
Mwinshehe, Mwenyekiti


Kilosa, 5 Oktoba 1992

Nyanda mwanangu,

Leo sikuiti mpagazi. Barua ya Bwana Mwinshehe nimesomewa mara mbili. Kumbe ulisema kweli. Nilikukasirikia siku nzima, chai nikaikataa, halafu nikaikumbuka ile chumvi. Aliyekufundisha kutoniamini ni mimi mwenyewe. Ningekuambia neno moja tu, kwamba tukisali tunaelekea Maka na barabara ya Mikumi haiendi Maka, ungejenga sawasawa. Nikaona raha kukuficha. Haya, kosa tumegawana, chukua nusu yako nami nina nusu yangu.

Sasa nisikilize, na humu utani haumo hata punje. Usibomoe. Tofali hizo watu wamezibeba kichwani. Ukizivunja nusu yake itakuwa kifusi, na mvua zikianza hakuna wa kuchoma nyingine mpaka kiangazi. Celestina hatangoja kiangazi.

Jengo lililofuata barabara lifanye zahanati. Mgonjwa hana kibla cha kitanda. Alale akielekea sokoni, akielekea Iringa, dawa itamfikia. Msikiti utajengwa nyuma yake, na huo ufuate dira ya imamu bila kukosea hata kidogo. Kuta mbili hizo hazitakwenda sambamba, najua, ujia utaanza mpana na kuishia mwembamba. Hilo lisikutie haya. Zahanati iwe na mlango wake barabarani, ili mama asiyesali kwetu asione anapita msikitini kuomba tiba. Kairo wagonjwa walikuwa nyuma kabisa. Hapa watakuwa mbele, nami nimelipenda jambo hilo kuliko nilivyotegemea.

Bwana Mwinshehe nimemwandikia barua yake. Nimemwambia zile fremu azijenge mwisho wa kiwanja na kodi yake inunue dawa. Hospitali ya Sultani nayo ililishwa na kodi za maduka. Mfanyabiashara hilo atalisikia haraka kuliko aya.

Waumini watasali chini ya turubai mwaka huu, na pengine mwaka kesho na mwaka wa kesho kutwa, mpaka tofali nyingine zipatikane. Nami nitangoja.

Maalimu Sehaba

Chausiku naongeza. Alipofika kwenye neno "nitangoja" aligeuza uso kuelekea dirishani. Kisha akaniuliza kama jua limeshatua. Ilikuwa mchana kweupe, nguo zangu ziko kwenye kamba zinakauka. Nikamjibu kwamba ndiyo, limetua. Sijui kama nilifanya vizuri. Unajua ametoa nini, mwanangu. Wale wa kamati hawajui.


Mikumi, 18 Oktoba 1992

Mzee wangu, mtani wangu,

Shikamoo. Mama, shikamoo.

Ijumaa baada ya sala watu hawakuondoka. Sururu zilikuwa zimeshaegemezwa ukutani. Bwana Mwinshehe akatoa barua yako mfukoni akaisoma mbele ya wote. Aliposoma kwamba watasali chini ya turubai, mzee mmoja akauliza sisi tumechanga miaka yote hii ili tusali chini ya turubai? Wengine wakaguna. Nilikuwa nimesimama nyuma na mwiko mkononi kwa sababu sikujua pa kuuweka.

Yule imamu akasimama. Hakupandisha sauti. Akasema, "Maalimu Sehaba ametaka msikiti huu kuliko sisi sote. Yeye akiweza kungoja, nani hapa hawezi?" Akachukua sururu moja akairudisha stoo, na watu wakamfuata.

Bwana Mwinshehe alinifuata baadaye, akaniambia sifukuzwi, ila karatasi yoyote itakayotoka Kilosa nimpelekee yeye kwanza aisome kama ni utani. Halafu akaniuliza hizo fremu Maalimu amesema ziwe ngapi.

Nimekuwa nikikuandikia usiku huu na kufuta, nikakuandikia na kufuta. Naishia kusema ahsante. Nakupenda kama baba yangu, na baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi.

Nyanda


Mikumi, 21 Februari 1993

Mtani,

Shikamoo, na kaa vizuri kwenye kiti. Nina ndama mpya.

Juzi asubuhi Celestina alikuwa anachambua mboga. Akaziacha, akafunga kanga, akaniambia twende. Tumetembea, mtani. Tumepita sokoni polepole, akasimama mara moja kushika bega langu, tukaendelea, na tukafika mlangoni. Mabati yalikuwa yamepigwa upande mmoja tu na mvua ilikuwa inanyesha upande wa pili. Muuguzi Tumwagile, yule mama wa Tukuyu mliyetuletea kutoka Kilosa, akanifukuza nje. Nikakaa kule nyuma, penye kamba nilizopima msingi wa msikiti.

Mtoto alilia. Nimemsikia kupitia ukuta nilioujenga vibaya. Alilia kwa nguvu mpaka mwadhini chini ya turubai akamngoja amalize. Nami nililia, nakuandikia wazi, unicheke ukitaka.

Ni wa kike. Mama yake amemwita Irine.

Nyanda


Kilosa, 4 Machi 1993

Mpagazi,

Marahaba, na marahaba ya mtoto pia, umwambie nimempokea. Irine ni jina zuri la kanisani na sitalipinga. Mimi nitamwita Kibla, maana baba yake hakujua kiko wapi mpaka alipompata yeye.

Sikukucheka. Bi Chausiku aliposoma pale pa kulia alishindwa kuendelea, ikabidi nimngoje.

Maalimu Sehaba


Kilosa, 23 Oktoba 1994

Mwanangu Nyanda,

Leo naandika mimi Chausiku na hakuna anayenitungia maneno. Barua yako kwamba msikiti umeezekwa imefika. Nilimsomea, akaomba nirudie pale pa mihrabu.

Hatuwezi kuficha tena. Tangu Mfungo Mosi haoni kabisa. Mwanzi umeziba. Halalamiki, ila kuna siku namkuta amekaa kwenye baraza yako ameelekea uwanjani, na ninajua anatazama Kairo. Amesema atakuja Mikumi. Nilimwambia njia ni mbaya, akaniambia yuko kwenye hilo basi tangu mwaka 1992. Tutafika Ijumaa ya pili ya mwezi ujao.

Nakuomba kitu kimoja. Ukimwona, usimkimbilie kumshika mkono. Kila mtu anamshika siku hizi, wengine bila hata kumwamkia, wanamvuta kama mzigo. Mwamkie kwanza. Mtanie. Ana hamu ya kutaniwa, na watu wamemwonea huruma mpaka amechoka.

Mama yako,
Chausiku


Mikumi, 17 Novemba 1994

Mtani wangu,

Shikamoo. Siku ile sikuweza kusema, na ninyi mliwahi basi. Wewe hukuiona sura yangu, kwa hiyo nakuelezea.

Mliposhuka nilikuamkia, nikakuambia kwamba Msagara amekuja kukagua mali yake amechelewa miaka miwili. Ulicheka. Ukambeba Irine, ukampapasa pua, ukasema ya baba yake, maskini. Hapo nilikuwa mzima. Ukaanza kuuliza msikiti uko wapi. Nikakuambia uko nyuma, ujia unaanzia hapa, na miguu yangu yenyewe ikaanza kukufuata. Mama akanitazama, nikarudi.

Uliacha mkono wa Mama. Ulinyoosha mikono yote miwili. Wa kushoto ukapata ukuta wa zahanati, wa kulia haukupata kitu. Ukaenda hivyohivyo, mkono mmoja ukutani na mmoja hewani. Akina mama wenye watoto waliojipanga kwa chanjo waliivuta miguu yao kukupisha. Tumwagile alisimama dirishani na sindano yake. Nami nilikuwa natazama ule mkono wa kulia tu. Vidole vilipougusa ukuta wa msikiti nikashika kinywa. Ukaenda hatua chache ukigusa kote kuwili, ukasimama, ukavua viatu.

Mlango ulikuwa hapo hapo. Kamati waliponiuliza kwa nini nauweka mwisho kabisa, palipobana, niliwaambia ni kwa ajili ya kivuli. Sikumwambia mtu sababu yangu, hata Mama. Sasa niambie, mtani, nani alikuambia usimame pale?

Ulipotoka hukusema neno lolote kuhusu msikiti. Uliuliza tu kama basi bado lipo. Nimekaa siku zote hizi nikifikiri kwamba hukuupenda.

Nyanda


Kilosa, 2 Desemba 1994

Nyanda,

Marahaba. Hii nimeiandika mwenyewe. Bi Chausiku amenilazia kipande cha mbao juu ya karatasi ili mkono usipotee, na amekwenda kwa jirani nisimwone akinichungulia, ingawa simwoni hata akiwa hapa. Mistari ikipandana usicheke, nawe ulielekeza watu Iringa.

Hakuna aliyeniambia. Nilienda nikihisi kuta zinanikaribia pande zote mbili, na kule kushoto nasikia watoto, kulia nanusa chokaa. Halafu ukuta wa kulia ukaniishia mkononi, nikajua ni mlango. Nikaingia. Mihrabu niliupapasa kuanzia chini mpaka mikono ilipokoma. Ni wa mtu mmoja, kama nilivyosema. Sikukuambia neno kwa sababu ningelia mbele ya akina mama wa watu, na wewe ungenitania mpaka naingia kaburini.

Kairo niliingia kwa lango la Sultani, kijana mwenye kitambaa machoni, nimeshikwa mkono na mtu nisiyemjua. Nimekuwa nikifikiri juu ya ule ukuta niliokuagiza. Ungeujenga vile nilivyotaka, ujia ungekuwa umenyooka, mpana mwanzo hadi mwisho, na mimi ningekuwa nimesimama katikati yake nikingoja mtu aje kunishika.

Nakuja tena Ijumaa. Usije kunipokea.

Sehaba